Konje Yangu Lubumbashi: Kufuata Kitambaa kwa Miguu, Polepole

Jumatatu, mtaa wa Kamalondo mpaka mtaa wa Kenya

Mie ni wa Bukavu, kazi njo ilinileta Lubumbashi, mji wa shaba wa Kongo, na konje, yaani likizo, ya mwaka huu sikupanda ndege wala basi la Kolwezi, nimebaki humuhumu mjini nifuate kitu kimoja tu kwa miguu, kitambaa. Nani anakifuma, nani anakishona, nani anakiuza, kinatoka wapi. Wageni wakifika huku wanapiga picha ule mlima mweusi wa terril, mabaki ya kuyeyusha shaba, na lile bomba refu la kiwanda, wananunua malakiti, lile jiwe la kijani, wanaenda zao. Wale wanaouvalisha mji huu hakuna anayewatembelea, na hiyo inaniuma kabisa kwa sababu watu wenyewe wapo, wako barazani, milango wazi, na wanapenda masolo, maongezi.

Nimetoka asubuhi upande wa Kamalondo, nikapita karibu na uwanja wa Mazembe, nikashuka taratibu mpaka soko la Kenya, mtaa wa humuhumu mjini, si ile nchi. Kwa taxi-bus ni dakika chache. Kwa miguu nimekula asubuhi nzima, kwa sababu nimesimama kila fasi palipo na mashini ya kushona, na Lubumbashi mashini ziko kila kona, chini ya mwembe, mbele ya duka la simu, pembeni ya mtu anayechoma mahindi.

Ndani ya soko, upande wa bikwembe, yaani vitenge, mama mmoja aliniona nashika shika tu vitambaa bila kununua, akanivutia kiti cha plastiki: "Ikala, mama, uangalie muzuri. Bantu ba leo banaangaliaka paka rangi." Akanifundisha kugeuza. Waksi, kile kitenge cha nta, ya kweli ukiigeuza, mbele na nyuma rangi ni ileile, huwezi sema upande wa juu ni upi, na ndani ya rangi utaona vistari vyembamba vimepasuka ovyo ovyo, kila kipande na vyake. Ile ya bei rahisi imepigwa chapa upande mmoja, nyuma imepauka. Vile vistari vinatokana na kazi yenyewe, kitambaa cha pamba kinapakwa resini pande zote mbili kwa marola ya shaba yaliyochongwa mchoro, halafu kinazamishwa kwenye rangi ya bluu, resini inavunjikavunjika na rangi inapenya kwenye nyufa. Nilipomwambia ni shaba njo inachora, mama alipiga meza kwa furaha, "Basi na siye tuko ndani!", akaanza kuwasimulia majirani zake wote, mtaa mzima wa bikwembe ukawa unaongea habari za shaba.

Kiwanda chenye jina kubwa, Vlisco, kiko Helmond kule Uholanzi tangu 1846, na ufundi wenyewe Waholanzi waliuiga kwenye batiki ya watu wa Java. Yaani kile tunachovaa ndoani na kwenye matanga na tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya wanawake, kimepita Indonesia na Ulaya kabla ya kufika hili soko la Kenya. Mie hilo halinisumbui hata kidogo. Nguo inakuwa ya yule anayeishi nayo, na wamama wa soko njo wanazipa jina na kuamua ipi itatembea na ipi italala kwenye meza. Pièce, kitambaa kizima, ni yadi 6, inakatwa vipande 3 vya yadi 2, kimoja libaya, yaani blauzi, kimoja cha kushona chini, kimoja cha kujifunga juu, na mama mkwe hapokei pungufu. Mama anakumbuka pia vikwembe vya hapa nchini, vya Filtisaf ya Kalemie, vya Utex ya Kinshasa, anavitaja kwa sauti ya mtu anayetaja ndugu waliohamia mbali. "Vile vilikuwa nguvu. Unafua, unafua, haviishe."

Jambo moja nimeondoka nalo pale na sijaliacha tangu mchana. Mama huyu, na mie, na wewe unayesoma, tunaweza kutaja majina ya michoro kumi ya Helmond bila kufikiri. Ya Kasai, humuhumu Kongo, ya kwetu, hata mmoja hatuwezi.

Jumanne

Mvua toka asubuhi, njia zimekuwa matope mekundu, sikutoka. Jirani amekuja kuota moto wa makaa, tumekunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, tumeongea habari za mali ya mahari mpaka jioni. Kwao, anasema, orodha ya mahari bila bikwembe vya mama mzazi haisomwi hata mstari wa pili.

Jumatano, Kenya tena

Siku nzima kwa kuturie, fundi wa nguo, mmoja, mzee wa miaka sabini hivi, kibanda chake kiko barabara ya kwenda uwanja wa Kibassa Maliba. Nilimsalimia, "Jambo papa", nikamwambia ukweli wangu, sina nguo ya kushona leo, nataka kuangalia unavyofanya kazi. Akaniangalia kidogo, akasema kuangalia hakulipwi, lakini nitamshikia kitambaa wakati wa kukata. Nimeshika kitambaa mpaka jua limeshuka.

Mashini yake ni ya pedali, nyeusi, yale maua ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita kila siku. Ilikuwa ya mama yake. Mama alijifunza kushona kwenye foyer ya Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, kwa sababu ile kampuni ilikuwa na nyumba za kuwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kupika, kulea watoto, namna Wabelgiji walivyotaka mke wa mfanyakazi awe. Mzee hana uchungu na hilo. Anasema mama alichukua kilichomfaa, yaani sindano, mengine akawaachia wenyewe. Kazi za migodi zilipoyumba miaka ya 90, mshahara wa baba ukawa hadithi, ile mashini njo ililisha nyumba ya watu tisa, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walipoondoka kwa ile départ volontaire, kuacha kazi kwa hiari, nusu ya wanaume wa njia yake walikuja kumuomba awafundishe. Wachache walibaki. Anasema mtu aliyezoea kushika nyundo kubwa vidole vyake vinachukua muda kuamini uzi.

Leo alikuwa na libaya la bibi harusi wa Jumamosi, kitambaa chenye ndege wakubwa. Hapo nimeona kitu ambacho sitakisahau. Alitandika kile kitambaa mezani, akakizungusha, akakikunja katikati, akakikunjua, akaenda kunywa maji, akarudi, akakizungusha tena, mkasi uko mkononi na haukati. Sikuelewa anatafuta nini mpaka nilipoinama upande wake, alikuwa anatafuta kukata namna ndege wawili waangaliane katikati ya kifua, na mikia yao ikutane mgongoni kwenye zipu, bila kupoteza hata kipande cha mkono, na kitambaa ni yadi 6 tu, hakiongezeki. Hakupima kwanza kwa mita. Alipima kwa kiganja, halafu mita ikaja kuthibitisha. Alipokata, alikata mara moja, moja kwa moja, bila kusimama.

"Bateja banaletaka foto ya telefone siku ya tano, banataka nguo siku ya posho," akaniambia, yaani Ijumaa foto, Jumamosi nguo. "Nguo itatoka, ndiyo. Lakini ndege haitaangaliana."

Saa tisa umeme ukaondoka kwenye mtaa mzima na yeye hakuinua hata kichwa, mashini yake haina habari na waya, pasi yake ni ya makaa. Vijana wa jirani wenye mashini za umeme wakaja kukaa kwenye kizingiti chake wakiangalia anavyofanya kazi, na nadhani zile saa mbili za giza wamejifunza mengi kuliko wiki nzima.

Alhamisi, Katuba

Leo njo siku niliyoingojea. Kuna mama mtu mzima mtaa wa Katuba, asili yake pande za Mweka, Kasai, anashona ile veluru, kitambaa cha rafia chenye manyoya, ya Wakuba, watu wa kule. Mtu wa soko alinielekeza, nikapiga simu jana, akanijibu neno moja tu, "Kuya", njoo. Nimeenda na sukari na mkate.

Tumekaa uani. Kabla ya yote akanionyesha kitambaa kitupu, kabla ya kushonwa, mraba mmoja rangi ya majani makavu, mkubwa kama meta nusu na kidogo kila upande. Nikauliza kwa nini vyote viko vidogo hivi. Jibu lake limenifungua macho: huu si uzi wa kusokota, ni ngozi ya jani la mrafia. Jani changa linachunwa utando wake wa juu, unaanikwa, unapasuliwa kwa vidole nyuzi nyembamba, na uzi unaishia pale jani lilipoishia. Hakuna mtu aliyechagua ukubwa wa kitambaa, mti njo ulichagua. Ukitaka kubwa unaunganisha miraba, na sketi za wanawake kule zinaenda mameta na mameta, unajizungusha mara kadhaa.

Kufuma ni kazi ya wanaume, kwenye kitanda cha kufumia kilicholala mshazari. Kushona michoro ni ya wanawake. "Banaume banafuma, banamuke banapamba, njo vile tulikuta," anasema, na shemeji yake huko Mweka mpaka leo anafuma na kumtumia kwa treni, ile reli iliyofika Ilebo, kule Kasai, 1928, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, treni ikifika siku inayotaka. Kitambaa kikitoka kwa mfumaji ni kigumu, kinakwaruza, hakivaliki. Kinalowekwa, kinatwangwa kwenye kinu mpaka kilainike. Halafu rangi: nyekundu inatoka kwenye unga wa mti, tukula, ule ule wanaojipaka mwilini.

Halafu akavaa miwani, akaanza.

Nilisogeza kiti mpaka goti langu likagusa lake. Sindano inaingia chini ya uzi mmoja wa kitambaa, mmoja tu, inatokea palepale. Uzi wa rafia unavutwa polepole mpaka ubaki mkia mfupi, milimita mbili tatu. Kisu kidogo, anakishika katikati ya vidole pamoja na sindano wala hakiweki chini, kinapita upande wa pili na kukata kwa kimo kilekile. Basi, huo ni msono mmoja. Hakuna fundo. Kinachoushikilia ni kubanana kwa kitambaa chenyewe, na kadiri kinavyotumika ndivyo kinavyozidi kubana. Halafu unaofuata, pembeni kabisa. Halafu unaofuata. Baada ya saa nzima tulikuwa na pembe ya mchoro kama kidole gumba, na nilipopitisha mkono juu yake ilikuwa laini kama manyoya ya mtoto wa paka, rafia ileile iliyokuwa inakwaruza.

Hakuna karatasi, hakuna chaki, hakuna mchoro wa kufuata. Iko kichwani. Anaanzia pembeni, anatembea, na akifika katikati anaweza kugeuza njia, mstari uliokuwa unaenda kulia unavunjika, unaingia mchoro mwingine, na hicho mie nilikuwa nakiona zamani kwenye picha nikidhani mshonaji alichoka au alibadilisha mtu. Si hivyo. Mchoro usiogeuka, anasema, ni wa mtu anayehesabu, mwenye kujua anaachia mkono uongee. Mraba mmoja unaweza kumaliza miezi, kwa sababu katikati kuna shamba, kuna wajukuu, kuna soko.

Tumekula bukari, yaani ugali, na sombe mchana, jioni nimerudi kwa miguu, sikutaka pikipiki wala taxi.

Ijumaa, Katuba tena

Asubuhi nimepitia makumbusho ya taifa, haraka haraka, nikaangalia zile kroisette, misalaba midogo ya shaba. Huku Katanga zilikuwa pesa. Na madiba, vitambaa vya rafia, vilikuwa pesa pia kwa Wasongye na majirani zao, unalipa mahari, unalipa faini, unalipa kodi ya chifu. Shaba na nguo, zote mbili zilihesabiwa. Shaba imebaki na bei yake, dunia nzima inaijua kila asubuhi. Nguo tumeiacha.

Nikamletea mama hiyo habari, hakushangaa. Kwao maiti anavalishwa rafia mpaka leo kama familia inaweza. "Ukifika kule bila ile nguo, bazee batakujua namna gani?" Familia zinaweka vitambaa miaka na miaka kwenye masanduku kwa ajili ya siku hiyo, na vingi vya vile tunavyoona vya zamani njo vilibaki kwa namna hiyo, vikingoja.

Amenisimulia historia kama anavyoisimulia kwa wajukuu. Shyaam aMbul aNgoong, mfalme mkubwa wa Wakuba, karne ya 17, alisafiri magharibi akarudi na ufundi, na kufuma rafia kunahesabiwa kati ya vitu alivyovileta. Nikaongeza yangu niliyosoma, kwamba miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki mpya wakifikiri atashangaa, yeye hakuijali, akavutiwa na alama za tairi kwenye mchanga, akaamuru mchoro ule unakiliwe na upewe jina lake. Mama hakuwa anaijua hiyo. Aliweka sindano chini, mara ya kwanza tangu tufahamiane, akafikiri, akachora kwa kidole kwenye vumbi la uani, mstari, kona, mstari, kona. "Hii?" Labda. Kwa namna alivyoichora mie nimeamini.

William Sheppard, mmisionari mweusi wa Marekani, alifika Mushenge, mji wa mfalme, 1892, akarudi na vitambaa ambavyo viko Marekani mpaka leo. Matisse, yule mchoraji wa Ufaransa, alikuwa na vitambaa vya Wakuba ukutani kwake na alikuwa anakaa kuviangalia muda mrefu. Ni sawa, waviangalie, vinastahili. Kinachonichoma ni kwamba wateja wa mama huyu karibu wote ni watu wa kupita, wanataka kwa bei ya kitambaa cha meza. Mtu anafika na gari, hakai, anauliza "bei gani?", anasikia, anasema ni ghali, anatoa nusu. Nusu ya miezi! Mama ananiambia bila hasira, "Bantu banaulizaka bei mbele ya kuikala." Mtu aliyekaa saa moja tu akaona ile sindano na kile kisu hawezi kutoa nusu, mdomo utakataa. Kwa hiyo kutembea polepole si anasa ya watu wenye muda, ni namna pekee ya kujua bei ya kweli ya kitu.

Jumamosi

Niliingia ndoa ya watu nisiowajua, Kamalondo, kwa mwaliko wa kuturie. Ndege wanaangaliana. Bibi harusi akiinua mikono kucheza bado wanaangaliana, na mzee amekaa nyuma kabisa na soda yake, haangalii kitu kingine.

Jumapili, Katuba

Baada ya misa, wamama wote wametoka na bikwembe vya shirika lao, mtakatifu kachapwa kifuani na mgongoni, nimeenda kumuaga mama na nimejikuta naagiza. Si cha ukutani. Nataka mraba wa kuvaa, wa kuunganishwa kwenye kifua cha libaya la waksi, rafia ya Mweka juu ya kikwembe cha Helmond, na kuturie wangu wa Kenya amekubali kujaribu ingawa alishika kitambaa cha mfano muda mrefu akinung'unika kuhusu sindano gani itapita bila kukata nyuzi. Nimemuuliza mama kama ni vibaya kukichanganya hivyo. Akauliza kama nitakivaa kweli au nitakifungia kwenye sanduku. Nikamwambia nitakivaa kazini. "Basi."

Hatukubishana bei. Alisema, nikatoa nusu, nusu nyingine kikiisha, na kitaisha kitakapoisha. Mchoro nimemwachia yeye, ila nimemwomba kona moja aweke ile njia ya tairi.

Kama unataka kwenda kwake au kwa wengine kama yeye, na wapo, uliza wamama wa Kasai kwenye soko lolote la hapa, nenda asubuhi, peleka kitu cha nyumbani, usitoe simu kupiga picha mpaka uambiwe, na kama huna pesa ya kununua sema mapema, watakukaribisha vilevile. Nenda na mtoto kama unaye. Binti wa jirani pale uani ana miaka kumi na ameshaanza kupasua rafia kwa kucha, anafanya hivyo akiangalia katuni.

Kesho narudi kazini. Jumamosi ijayo niko Katuba tena, shemeji wa Mweka amepiga simu kwamba miraba imepakiwa kwenye treni, na mama anasema kama imefika tutaanza na kinu, nije na nguo ya kuchafua.